Sijafika BMI 40: je, ninastahili upasuaji wa kupunguza uzito?

Swali: Shikamoo daktari. Nina miaka 38, urefu sentimita 163, uzito kilo 97. Nina kisukari aina ya pili, huu mwaka wa nne, natumia vidonge, sijafika kwenye insulini. Presha ninayo pia. Magoti yananiuma, nameza diclofenac karibu kila siku. Kiungulia kinaniamsha usiku, na mume wangu anasema nakoroma mpaka pumzi inakatika. Nimejinyima kula mara nyingi. Kilo zinashuka, kisha zinarudi na nyongeza. Nilipouliza habari za upasuaji, daktari alisema sijafika BMI 40, nirudi nikifika. Rafiki yangu aliyefanyiwa ananishauri niongeze kilo kidogo nivuke mstari, na nikiulizwa kama huwa naamka usiku kula (naamka kweli) nikane. Nina mtoto mmoja, natamani wa pili. Je, ninastahili au la?

Marahaba dada. Nianze na hizo kilo, maana zinaweza kukudhuru kabla hata hujaingia hospitali: usiongeze hata moja.

Tupige hesabu. BMI ni uzito wako kwa kilo, ugawanye kwa urefu wako wa mita uliozidishwa kwa wenyewe. 1.63 mara 1.63 ni karibu 2.66. Kilo 97 ukigawanya kwa hiyo unapata 36.5. Kufika 40 ungetakiwa uwe na kilo 106 na ushee, yaani ujinenepeshe kilo tisa na zaidi. Kwa mwenye kisukari, kilo tisa ni sukari iliyopanda na ini lililojaa mafuta. Na ini ndilo linalofunika mfuko wa chakula kwa mbele. Mpasuaji anayeingia kwa matundu madogo huanza kwa kuliinua na kulishikilia pembeni, ndipo aone anapokata. Ini jembamba huinuka vizuri. Lililovimba mafuta ni zito na dhaifu, likiguswa vibaya linachanika na kuvuja damu. Ndiyo sababu wagonjwa wengi huwekwa kwenye mlo wa kalori chache kwa wiki mbili hivi kabla ya siku yenyewe, ili ini linywee. Rafiki yako anakupeleka upande wa pili kabisa.

Nimewahi kumpokea mtu aliyepanda mizani na mabuti, mkanda mpana na lundo la funguo mfukoni, uso mkavu kama hakuna kitu. Nikamwomba avue. Akavua huku ananitazama kama mwanafunzi aliyekamatwa na kikaratasi chumba cha mtihani. Kumbe hakuhitaji hila yoyote: kisukari chake peke yake kilikuwa kimeshamfungulia mlango, hakuna aliyemwambia.

Wewe nawe ni hivyo hivyo. Hiyo 40 ilitoka mbali. Mwaka 1991 jopo la wataalamu lililoitishwa na Taasisi za Taifa za Afya za Marekani lilikubaliana kwamba upasuaji huu ufikiriwe kwa mwenye BMI ya 40 na kuendelea, au 35 na kuendelea kama ana ugonjwa mzito unaohusiana na unene, mfano kisukari au kukatika pumzi usingizini. Soma hiyo "au" mara mbili. Hata kwa kanuni ya 1991 wewe mwenye 36.5 na kisukari ulikuwa ndani. Nadhani aliyekurudisha alikariri nusu ya sentensi. Hutokea, na si kwa madaktari wabaya tu.

Tangu hapo kanuni zimelegezwa. Mwaka 2022 vyama viwili vya madaktari wa fani hii, ASMBS cha Marekani na IFSO cha kimataifa, vilitoa mwongozo mpya: kuanzia BMI 35 upasuaji unapendekezwa, uwe na ugonjwa mwingine au usiwe nao. Mwenye kisukari aina ya pili anapendekezewa kuanzia 30. Asiye na kisukari aliye kati ya 30 na 35 anaweza kufikiriwa, ikiwa njia nyingine zimejaribiwa kwa dhati na hazikumfikisha popote. Kwa watu wenye asili ya Asia mstari ulishushwa hadi 27.5, kwa kuwa kisukari na moyo huwaandama wakiwa na miili midogo zaidi. Uingereza nako, NICE, taasisi inayotoa miongozo ya tiba, mwaka 2023 ilielekeza mstari ushushwe kwa 2.5 kwa wenye asili ya Asia, Mashariki ya Kati, Waafrika weusi na Wakaribi wenye asili ya Afrika. Bima na hospitali nyingi bado zinafuata karatasi za zamani, basi ukipigwa kalenda usishangae. Uliza wanafuata mwongozo wa mwaka gani.

Na kipimo chenyewe tusikitukuze. Hesabu yake aliitunga Adolphe Quetelet, Mbelgiji wa karne ya 19 aliyekuwa mtu wa takwimu na nyota, si tabibu. Alikuwa anatafuta mtu wa wastani yukoje. BMI haijui mafuta yako yamekaa kiunoni au mapajani, wala haimtofautishi mbeba vyuma na mtu wa kitambi. Inatufaa kama kizingiti cha mlango, basi.

Kwa hiyo kwenye karatasi unastahili. Sasa kuna swali ambalo hukuuliza waziwazi lakini barua yako nzima inalizungumzia: upasuaji upi, lini, na je mambo uliyoyataja pembeni, diclofenac, kiungulia, kukoroma, kula usiku, mtoto wa pili, yanakuruhusu? Mimi hapo ndipo ninapotumia muda na mgonjwa. Namba huchukua dakika moja.

Nianze na kisukari, maana ndicho hoja yako yenye nguvu. Upasuaji huu hufanya kazi zaidi ya kupunguza nafasi ya chakula. Njia ya chakula ikibadilishwa, homoni za utumbo hubadilika: ile ya njaa, ghrelini, hushuka hasa sehemu kubwa ya mfuko wa chakula inapokatwa, na zile za shibe zinazosaidia insulini, kama GLP-1, hupanda. Ndiyo maana baada ya baipasi, upasuaji unaounganisha utumbo upya (nitaueleza chini), sukari huanza kushuka ndani ya siku chache, kilo zikiwa bado hazijatikisika. Utafiti mkubwa wa Sweden ulioanza mwaka 1987, uliowafuatilia waliopasuliwa na wasiopasuliwa, ulikuta kwamba kati ya wenye kisukari waliopasuliwa asilimia 72 kilikuwa kimetulia baada ya miaka 2. Baada ya miaka 10 waliobaki hivyo walikuwa asilimia 36. Nakupa namba zote mbili kwa makusudi, kwa sababu matangazo hupenda ile ya kwanza. Kisukari hutulia, na kwa wengi hurudi polepole. Lakini aliye na miaka minne ya ugonjwa na hajaanza insulini yuko kwenye kundi lenye matumaini mazuri kuliko aliyekaa nacho miaka kumi na tano, kwa kuwa kongosho lake bado lina nguvu.

Sasa kiungulia na diclofenac. Hivi viwili vinakuvuta pande mbili, na ndipo uchaguzi wa upasuaji unapokuwa na maana.

Upasuaji unaofanyika zaidi siku hizi ni ule unaokata karibu robo tatu au zaidi ya mfuko wa chakula, ukabaki bomba jembamba mfano wa mkono wa shati. Madaktari huuita slivu. Kilichokatwa hutolewa nje, hakirudishwi. Ni mfupi kuliko baipasi na hauunganishi utumbo upya, ila lile bomba lina presha kubwa ndani, na mwenye kiungulia anaweza kuishia na kiungulia kibaya zaidi. Baipasi inatengeneza kifuko kidogo cha mililita 30 hivi juu, kisha utumbo mwembamba unapandishwa na kushonwa hapo, chakula kiuruke mfuko uliobaki na mwanzo wa utumbo. Kwa kiungulia baipasi ni tiba nzuri, na kwa kisukari mara nyingi huipita slivu kidogo. Kwa hiyo ningekutazama tu, ningesema baipasi.

Ila unameza diclofenac kila siku. Dawa za jamii hiyo, ibuprofen ikiwemo, baada ya baipasi huleta vidonda pale kifuko kiliposhonwa na utumbo. Vidonda hivyo huvuja damu, hata kutoboka, na mtu hurudi chumba cha upasuaji usiku wa manane. Sigara hufanya vivyo hivyo. Hukusema kama unavuta, na kama unavuta utatakiwa uache wiki kadhaa kabla na usirudi tena. Hivyo kabla hatujajadili kitanda, diclofenac itoke. Mwambie daktari wako akubadilishie, mara nyingi tunaanza na paracetamol na mazoezi ya kukaza misuli ya mapaja. Magoti yenyewe yatakushukuru kilo zikipungua, lakini huwezi kusubiri yapone ndipo uache dawa. Ukiona kabisa huwezi kuishi bila dawa hizo, basi mazungumzo yanarudi kwenye slivu, na kiungulia itabidi kichunguzwe kwa kina kwanza. Utawekewa kamera tumboni, na bakteria wa H. pylori, anayeleta vidonda vya tumbo, atatafutwa na kutibiwa akionekana.

Kukoroma huku pumzi ikikatika usikuchukulie kama kero ya mume. Ni dalili ya njia ya hewa kuziba usingizini, na mtu wa namna hiyo akipewa nusu kaputi bila daktari wa usingizi, yaani anayeitoa, kujua, hatari yake iko pale anapozinduka: dawa za maumivu zinamlaza, koo linalegea, hewa haipiti. Utapimwa usingizi, na ikithibitika utapewa mashine ya kupuliza hewa puani uitumie wiki kadhaa kabla ya upasuaji. Haikuzuii. Kinyume chake, inaongeza uzito kwenye hoja yako ya kustahili. Kinachozuia ni kuificha.

Hapo nafika kwenye kula usiku, na nitakaa hapa kidogo.

Rafiki yako anafikiri mwanasaikolojia amekaa mlangoni kama askari, kazi yake kutafuta sababu ya kukurudisha. Wagonjwa wengi huingia chumba hicho na majibu ya kukariri. "Unakula ukiwa na huzuni?" Hapana. "Unaamka usiku?" Hapana, nalala fofofo. Kisha miezi minane baada ya upasuaji wanarudi kwangu kilo zimegoma. Mmoja alinieleza kwa sauti ya chini namna anavyofanya: anasimama mbele ya jokofu saa nane usiku, mlango wazi, taa ya ndani ndiyo inayommulika, anakula kitu laini kinachoteleza kwa sababu kigumu hakipiti. Kijiko, subira, kijiko, subira, nusu saa nzima. Alikuwa anafanya hivyo miaka sita kabla ya upasuaji. Tulimpunguzia mfuko wa chakula, saa nane usiku ikabaki palepale. Laiti angesema, tungemtibu kwanza, akapasuliwa miezi minne baadaye na mambo yakawa mepesi.

Kuamka kula kuna tiba, na hakukufungii mlango. Wakati mwingine chanzo ni usingizi wenyewe unaovurugwa na ile pumzi inayokatika. Wakati mwingine ni kujinyima mchana kutwa, mwili ukadai deni lake usiku. Wakati mwingine ni sonona. Kinachotuzuia kweli ni kula na kujitapisha kwa makusudi, ulevi au dawa za kulevya zinazoendelea, na ugonjwa wa akili ambao haujatulizwa. Hata hivyo tunasema "bado", si "kamwe". Upande wa mwili, tunamzuia mjamzito, mwenye saratani inayoendelea, na aliye na moyo au ini lililochoka kiasi cha kutostahimili upasuaji. Tunatafuta pia ugonjwa au dawa inayonenepesha, mfano dawa za jamii ya steroidi, baadhi ya dawa za akili na kifafa, tezi ya shingo iliyolegea, au tezi juu ya figo inayomwaga homoni kupita kiasi. Umri peke yake hauzuii. Wapo vijana na wapo wazee wa zaidi ya miaka 65 waliofanyiwa.

Mtoto wa pili. Hapa sitakupa jibu la mkato, kwa sababu saa inakwenda. Miongozo mingi inataka usubiri miezi 12 hadi 18 baada ya upasuaji ndipo ubebe mimba, maana katika kipindi hicho kilo zinaporomoka na mwili unaweza kukosa lishe ya watu wawili. Una miaka 38. Maandalizi yakichukua miezi sita, utakuwa unatafuta mtoto ukiwa na 40. Kwa upande mwingine, mimba ukiwa na kisukari, presha na BMI ya 36.5 ina hatari zake kwako na kwa mtoto, na kilo zikishuka uzazi wenyewe hurudi kwa kasi, kiasi kwamba wapo wanaoshika mimba bila kutarajia miezi mitatu tu baada ya upasuaji. Na vidonge vya majira baada ya baipasi huenda visifyonzwe vizuri, hivyo utahitaji njia nyingine, kama kitanzi au kipandikizi. Mimi ningekuomba uonane na daktari wa wanawake mwezi huu, akupime uwezo wa mayai yako. Kama hali inaruhusu, upasuaji kwanza. Kama anasema muda umebana, huenda ukaanza na mtoto chini ya uangalizi wa karibu, upasuaji ukaja baadaye. Huo ni uamuzi wako na mumeo.

Hukuuliza kuhusu sindano za kupunguza uzito, lakini najua utaulizwa. Semaglutide ilipunguza karibu asilimia 15 ya uzito kwa wiki 68 kwenye majaribio, na tirzepatide kwa dozi ya juu karibu asilimia 21 kwa wiki 72. Upasuaji hupunguza kati ya asilimia 25 na 30 kwa wastani. Sindano zikiachwa, kilo nyingi hurudi. Kwa baadhi ya watu zinatosha, kwa wengine hutumika kabla au baada ya upasuaji. Anayetafuta mtoto lazima aziache mapema. Semaglutide angalau miezi miwili kabla.

Nisikufiche hatari. Kwenye vituo vyenye uzoefu, anayefariki ndani ya mwezi wa kwanza ni karibu mmoja kati ya elfu au pungufu ya hapo. Mshono unaweza kuvuja, damu inaweza kuganda mguuni ikapanda mapafuni. Kilo zikishuka haraka, mawe kwenye nyongo hujitengeneza. Nywele hupukutika mwezi wa tatu hadi wa sita, na kwa kawaida huota tena. Ngozi italegea na haitarudi yote.

Kisha yale ya kila siku, ambayo ndiyo hasa ninayopima kichwani ninapoamua kama mtu yuko tayari. Wiki ya kwanza utakunywa kwa kikombe kile cha dawa ya kikohozi, mililita 30, robo saa nzima, ukimaliza unajaza kingine. Baadaye chakula kitakuwa sahani ndogo, protini kwanza, kutafuna mpaka kilainike, maji si pamoja na chakula. Baada ya baipasi, vitu vitamu sana vinaweza kukuletea moyo kwenda mbio, jasho na kuharisha. Pombe itapanda kichwani haraka kuliko ulivyozoea, na hatari ya kuizoea ni kubwa zaidi kwa aliyefanyiwa baipasi. Vitamini na madini, B12, madini ya chuma, kalsiamu, vitamini D, utameza maisha yako yote na kupimwa damu kila mwaka. Mtu anayesahau dawa ya presha siku tatu kwa wiki ananitia wasiwasi kuliko mwenye BMI 50. Wewe vidonge vyako vya kisukari unavimeza kila siku? Jijibu mwenyewe kwanza, kisha mjibu daktari.

Cha kufanya sasa. Usirudi kwa yule daktari ukiwa na kilo 106. Rudi ukiwa na 97 zako, umwambie: BMI yangu ni 36.5, nina kisukari na presha, naomba nipelekwe kwenye kitengo cha upasuaji wa unene. Omba pia kipimo cha HbA1c, kinachoonyesha wastani wa sukari yako kwa miezi mitatu hivi. Wapasuaji wengi hupenda kiwe chini ya asilimia 8 kabla ya kukulaza. Ukifika kwenye kitengo uliza mpasuaji anafanya upasuaji wa aina hii mara ngapi kwa mwaka, nani anakufuatilia mwaka wa pili na wa tano, na ukipata homa na maumivu ya tumbo usiku wa siku ya nne unampigia nani. Kituo kinachokubali kukupasua kwa kuona picha zako na malipo tu, bila kamera tumboni wala mtaalamu wa lishe, kikimbie.

Siku ya kwanza beba dawa zako zote kwenye mfuko, na diclofenac iwemo. Mume naye mchukue, kwa sababu yeye ndiye shahidi wa jinsi unavyolala, na daktari wa usingizi atataka kumsikia yeye kuliko wewe.